Sura ya Nne: Karanga katika Karatasi za Faini

"Ni Nasoro," alisema Muamba kabla hajaulizwa. "Mumukamate Nasoro, karne itaonekana. Mi sina maneno mingine."

Aliyeambiwa hayo ni Inspekta Ngeleka. Alikuwa ameketi katika ofisi ya mkuu wa stesheni ya Kasaji, mbele ya meza iliyojaa vumbi la Julai, anachonga penseli kwa wembe. Alikuja kutoka Kolwezi kwa treni ya jana, Ijumaa, kwa kazi moja tu: kitabu cha faini, yaani karne, cha Muamba, kontrolere wa tikiti, kilikuwa kimepotea, naye alitakiwa kukipata na kumpeleka Kolwezi mwenye hatia, awe nani awe nani. Aliichonga penseli mpaka ikawa kali, akaipuliza, akafungua daftari.

"Tuanze mwanzo, sitwayen Muamba. Karne yako ilikuwa na kurasa ngapi?"

"Mia. Ilijaa. Nilikuwa nairudisha Kolwezi kwa kontrole ya mwezi wa saba."

Ngeleka aliandika. Alizijua karne hizo vizuri. Abiria asiye na tikiti anapotozwa faini, kontrolere anaandika mara moja, karatasi mbili zinapata maandishi: nyeupe anapewa abiria, ya waridi inabaki kitabuni, na katikati yake kuna karatasi ya kaboni. Kontrolere asiyerudisha karatasi za waridi zote mia hufukuzwa kazi na kupelekwa mahakamani.

"Iliibiwa wapi?"

"Hapa Kasaji, siku ya tatu, Jumatano. Treni ilingojea kupishana na ile ya mizigo, nikaenda kula bukari na samaki inje ya gare hii. Nilitundika sakoshi ku kiti. Nilipomaliza kula, sakoshi iko, karne haiko."

"Na pesa za faini? Hazikuwa ndani ya sakoshi?"

"Zilikuwa."

"Ziliibiwa?"

Muamba alijikuna shingo. "Hapana. Zilibakia zote."

Ngeleka aliupigia mstari ule usemi, mara mbili. "Ulikula kwa nani?"

"Kwa mama moja. Bamama ya bukari ni bengi pale. Mi siangaliake sura yabo, ninaangaliaka samaki." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Tata inspekta, Nasoro alinitukana siku ile mbele ya bantu bote. Aliapa nitalipa. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta mwizi anayeacha pesa na kuchukua karatasi," alisema Ngeleka. "Nasoro ni mfanyabiashara. Nenda kavae kofia yako, treni ya mpaka inaingia saa nne. Utaifanyia kazi kama kawaida mpaka Kolwezi. Nami nitapanda."

Muamba alipotoka, Ngeleka alivuta daftari la matukio la stesheni. Alianza mwezi wa pili, kwa maana ndipo karne ile ilipofunguliwa, akashuka mstari kwa mstari kwa ncha ya penseli. Ng'ombe aliyegongwa. Mlango uliovunjwa. Gunia la chumvi lisilo na mwenyewe. Halafu penseli ikasimama.

*Jumamosi, 3 Machi 1973. Bilali, fundi cherehani wa Kasaji, amekutwa amekufa kando ya reli, halti ya Kamwandu. Maelezo ya kontrolere Muamba: abiria hakuwa na tikiti. Alidai amepanda Kasaji, hakuleta mashahidi wawili. Alidaiwa faini tangu mpakani. Alikataa kulipa, akashuka kwa hiari yake.*

Ngeleka aliyasoma maelezo hayo mara tatu. Sheria ya mashahidi wawili aliijua kwa kichwa. Mtu asiye na tikiti akisema alipanda stesheni fulani, ni lazima watu wawili wa behewa lile wathibitishe. Akiwakosa, anahesabiwa kwamba ametoka kule treni ilikoanzia. Na treni hii ilianzia ng'ambo, Angola, kwa hiyo faini yake ni nauli ya reli mbili, ya Angola na ya huku, mara mbili. Hakuna fundi cherehani mwenye fedha hiyo mfukoni.

Lakini Kamwandu aliijua pia. Kamwandu ni halti, kituo cha nguzo ya bendera na majani tu. Hakuna nyumba, hakuna maji. Hapana mtu anayeshuka pale kwa hiari yake, mwezi wa tatu, mvua ikinyesha.

Akafunga daftari, akatoka.

Nasoro alikuwa kwenye jukwaa, juu ya magunia yake ya samaki wakavu, mguu mmoja juu ya mwingine kama sultani. Alikuwa mtu mnene wa watu wa Maniema, mwenye kofia iliyofumwa vizuri, na alikuwa anatafuna karanga.

"Sitwayen Nasoro?"

"Ndiyo, njo mimi. Na wewe njo ule wa Kolwezi. Karibu ku magunia, kiti sina." Akasogea. "Muamba anasema nimemwibia?"

"Umemwibia?"

"Kama ningemwibia, tata, ningemwibia meno. Karatasi ya nini?"

"Alikutoza faini mara ngapi?"

"Mara sita mwaka hii. Kila mara nimepandia hapa Kasaji na magunia yangu, foleni ya tikiti haisogei, treni inapiga filimbi, ninapanda bila tike. Kila mara anauliza nani aliniona. Nani atasema? Ukimsemea mwenzako, treni ingine Muamba anakupata wewe. Basi ninalipa tangu Angola." Alivuta kopo la biskuti kutoka kwenye gunia, akalifungua. Ndani yake kulikuwa na karatasi za kila namna, zimefungwa kwa uzi: za ushuru, za chanjo, za kodi ya soko. "Lamande zangu zote, karatasi za faini, ziko. Mu inchi hii mutu anatupa pesa, lakini hatupi karatasi iko na tampo ya serikali."

Akamimina karanga za mwisho mkononi, akaiachia karatasi yake ianguke. Ngeleka aliinama haraka kuliko umri wake. Karatasi ilikuwa ya waridi, imekunjwa kama koni, ina mafuta na chumvi. Aliinyoosha juu ya goti. Namba arobaini na saba. Sahihi ya Muamba.

"Nipe faini zako," alisema taratibu.

Katika kopo walipata nyeupe yenye namba ile ile, arobaini na saba. Ngeleka aliziweka pamoja, akazigeuzia mwangani. Jina lilikuwa moja, tarehe ilikuwa moja. Kwenye nyeupe, mahali pa kupandia, paliandikwa *Mpakani, kutoka Angola*. Kwenye ya waridi paliandikwa *Kasaji*.

Akalamba kidole, akasugua. Jina na tarehe kwenye ile ya waridi vilipakaa zambarau, kama kaboni inavyopakaa. Neno Kasaji na kiasi cha fedha havikupakaa. Hivyo viliandikwa kwa kalamu ya bik, moja kwa moja.

"Akishaandika jina na tarehe, anaweka kitu kigumu chini ya kaboni," alisema Ngeleka. "Anaandika mpakani kwenye yako. Halafu anatoa kile kitu, anaandika Kasaji kwenye ya kampuni. Tofauti anakula."

Nasoro aliacha kutafuna. Damu ilimpanda usoni. "Mara sita," alisema. "Mara sita! Mutoto wa…" Akamtazama mkaguzi, akameza neno.

"Karanga ulinunua kwa nani?"

"Kwa Mwamini. Mujane wa Bilali, ule fundi. Ameanza kuuza tu juzi-juzi, ametoka eda."

"Eda ni nini?"

"Kwetu Waislamu, mwanamuke akifiwa na bwana anakaa ndani. Hapambi, hatoki, haendi soko. Miezi ine na siku kumi."

Ngeleka alifungua daftari lake akahesabu. Tatu Machi. Miezi minne, tatu Julai. Siku kumi, kumi na tatu Julai. Ilikuwa jana. Karne iliibiwa Jumatano, tarehe kumi na moja. Akatikisa kichwa.

"Basi si yeye. Siku ya wizi alikuwa bado ndani. Kuna mtu aliyempa karatasi hizi."

"Tata, nani anahesabu eda na kalandriye ya reli?" Nasoro alichukia kweli, kama mtu aliyesahihishwa dini yake na mpita njia. "Miezi ya Mungu ni ya mwezi ule wa juu! Hii siku ishirini na kenda, hii makumi tatu. Mwamini ametoka siku ya kwanza, bibi yangu njo alimupelekea…"

Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, na karanga moja ilionekana juu ya ulimi.

Ngeleka alikwisha kuandika. Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe tisa. Siku mbili kabla ya wizi.

"Mi sikusema kitu," alisema Nasoro.

"Hukusema kitu," alikubali Ngeleka. "Yuko wapi sasa?"

Treni ilikuwa inaingia, breki zikilia. Nasoro hakuhitaji kujibu. Mwanamke mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, beseni la karanga mkononi, alikuwa anapanda behewa la daraja la pili, naye hakukimbia wala hakujificha.

Ngeleka alivua kofia yake kitambo kidogo, kama afanyavyo kabla ya kila kazi nzito, akamwomba Mungu ampe macho. Kisha akapanda nyuma yake.

Treni ilipokwisha kuondoka, alimkuta ameketi karibu na mlango, beseni juu ya mapaja. Abiria karibu sitini walikuwa wamebanana na vikapu vyao, na mkononi mwa wengi kulikuwa na koni ya waridi.

"Mama Mwamini," alisema Ngeleka, "karanga hizi umezifunga na nini?"

"Na makaratasi ya Muamba, tata. Lakini chumvi ni yangu."

"Unajua nimekuja kukukamata?"

"Nakungojea tangu siku ya tatu. Umechelewa." Macho yake yalikuwa makavu. "Nilimupikia samaki mbili. Alikula mbele yangu, akaomba pilipili ingine, hakuniangalia. Mutu aliyeua bwana yangu aliniomba pilipili, na mi nikamuletea."

"Ungeweza kuchukua fedha."

"Fedha itafanya nini? Bilali alikuwa na homa. Alikuwa anaenda hospitali Kolwezi. Dirisha ya tike ilifungwa, nikamusukuma mimi mwenyewe mu treni. Mimi na mikono hii." Aliiangalia mikono yake. "Miezi ine nilikaa mu nyumba, nikasali sala zote. Bantu banafikiri nilimuombea Muamba kifo. Hapana. Nilimuomba Mungu amulinde. Asigongwe, asigonjwe, asifukuzwe kazi. Amuache muzima mpaka nitoke."

Abiria wa karibu walikuwa wamegeuka kusikiliza. Mwamini alisimama, akaliinua beseni.

"Na ninyi," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa behewa, "mulikuwa humu. Mulimuona anapanda Kasaji, anatetemeka. Muamba aliuliza nani amemuona. Mukaangalia miguu yenu. Basi kuleni karanga, na mukimaliza someni!"

Hapo Nasoro, aliyekuwa amepandisha magunia yake na kusimama mlangoni, aliinua juu karatasi zake mbili, nyeupe na ya waridi. "Namba makumi ine na saba! Ya kampuni Kasaji, yangu Angola! Angalieni zenu!"

Ikawa kama mtu amepiga teke mzinga wa nyuki. Koni zilifunguliwa, karanga zikamwagika sakafuni. Karatasi nyeupe zilitoka ndani ya kofia, ndani ya sidiria, ndani ya vitabu vya nyimbo za kanisa. Namba zilipigwa kelele kutoka benchi hadi benchi. "Nani ana kumi na mbili?" "Makumi sita na moja, iko hapa kwangu, ni ya mama ule!" Na kila walipopata mbili za namba moja, ilikuwa hadithi ile ile, na mtu mmoja tena aliyesimama na uso mbaya.

Mlango wa behewa ukafunguliwa. Muamba aliingia, koleo la kutobolea tikiti mkononi.

"Ma-tike!" aliita. Halafu akaona rangi ya waridi kila mahali.

Hakuna aliyemgusa. Walimwachia njia nyembamba mpaka kwa Ngeleka, na nyuma yake njia ikajifunga.

"Sitwayen Muamba," alisema Ngeleka, "karne yako imeonekana. Nipe kofia. Nipe koleo. Nipe sakoshi." Muamba alitoa kimoja kimoja. Ndani ya sakoshi, katikati ya karne mpya, Ngeleka alikuta kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa ukubwa wa karatasi, kimejaa alama za kalamu. Alikiinua kila mtu akione. Kisha akamwagiza Muamba atoe mifuko yake, fedha zote akazitia ndani ya sakoshi, akaifunga kwa kamba na lakiri.

"Kuanzia sasa huna kazi katika treni hii. Wewe ni abiria. Tikiti yako?"

"Tata, mi ni kontrolere, tike ya nini…"

"Ulikuwa kontrolere. Tikiti?"

"Sina."

Ngeleka aliifungua karne mpya, akalamba ncha ya penseli. "Umepandia wapi?"

"Kasaji! Tulipanda pamoja, uliniona!"

"Anayeandika faini hawezi kuwa shahidi. Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Lete watu wawili." Akageukia behewa. "Nani amemwona mtu huyu akipanda Kasaji?"

Magurudumu yalisikika. Mtu mmoja alikohoa. Muamba alizunguka, akitafuta uso wa kushika.

"Nasoro! Uliniona. Ulikuwa ku magunia, nilipita mbele yako."

Nasoro aliokota karanga kwenye shati lake, akaitazama, akaila. "Hata siku ile ya Bilali sikuonaka," alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mashahidi hakuna," alisema Ngeleka, akiandika. "Faini tangu mpakani, reli mbili, mara mbili. Lipa."

"Pesa umefunga mu sakoshi!"

"Hiyo si yako, ni kielelezo. Huna nyingine? Basi."

Treni ilikuwa inapunguza mwendo. Nje kulikuwa na majani makavu ya rangi ya kutu, upepo baridi wa kiangazi, na nguzo moja ya bendera. Ngeleka alifungua mlango. Baridi iliingia na vumbi lake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mahali pale panaitwaje.

"Ashuke!" alisema mtu mmoja. Halafu wakawa kumi, halafu behewa zima, wakipiga mabenchi kwa viganja: "Ashuke! Ashuke!"

Muamba alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Treni ilisimama. Ngazi ilikuwa inchi chache mbele ya viatu vyake, na chini ya ngazi, kokoto.

"Hairuhusiwi!" alipiga kelele. "Tata inspekta, hairuhusiwi! Abiria hashushwi ku halti! Ni lazima stesheni iko na shefu, anaandikishwa, anapewa maji! Kifungu cha kumi na ine! Mutu atakufa hapa!"

Ngeleka aliinua mkono. Kelele zikakatika.

"Kifungu cha kumi na nne," alirudia. "Ulikijua tangu lini?"

"Tangu shule ya reli! Miaka kumi na mbili!"

"Basi tarehe tatu mwezi wa tatu ulikijua."

Muamba alimtazama inspekta, akaitazama ile nguzo ya bendera, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa anataka kumshusha isipokuwa abiria, na kwamba maneno yake yalikuwa tayari yamo ndani ya daftari.

"Nani amemsikia?" aliuliza Ngeleka bila kugeuka.

"Mimi," alisema Nasoro. "Mimi," alisema mama mwenye kuku. "Mimi. Na mimi." Mikono iliinuliwa mpaka mwisho wa behewa, na Ngeleka alihesabu mashahidi hamsini na nane.

Kisha akamgeukia Mwamini. "Mama, karne ina kurasa mia. Watanirudishia zote, na mafuta yake. Lakini moja haikufunga karanga, ile ya mumeo."

Mwamini alifungua fundo la kitambaa chake. Karatasi ile ilikuwa safi, imekunjwa mara nne. Namba thelathini na moja. Ngeleka aliisoma kwa sauti, kila neno, ili behewa lisikie: *Bilali. 3 Machi 1973. Amepandia Kasaji. Faini imelipwa yote.* Sahihi: Muamba.

Aliikunja tena, akaitia ndani ya daftari lake.

"Alilipa," alisema Ngeleka. "Alitoa alichokuwa nacho, na kilitosha kwa sheria. Ukakiandika, ukakiweka, halafu ukamdai ya Angola. Na ukamshusha."

"Mi simukumbuki," alinong'ona Muamba. "Naapa, tata. Ni bantu bengi. Bilali ni nani?"

Mwamini alimgeukia Ngeleka.

"Andika jina yangu, tata inspekta," alisema. "Andika mi njo niliiba karne. Usinifiche. Andika: Mwamini, bibi ya Bilali. Ku tribunale batalisoma mbele yake kila siku, mpaka alikumbuke."

Ngeleka alitaka kusema kitu juu ya adhabu ya wizi. Aliuona uso wake, akaandika alivyoambiwa, jina lote.

Filimbi ikalia. Muamba alikuwa bado ameikumbatia nguzo ya mlango, meno yakigongana, upepo wa Kamwandu ukiingia ndani ya shati lake. Mwamini aliweka beseni chini, akamshika mkono, akamvuta ndani, akamkalisha kwenye benchi kama mtu anayetunza mgonjwa.

"Funga mulango, tata," alisema. "Asishikwe na baridi. Ninamutaka muzima."